Michezo minne, filamu moja: mwandishi wa mswada aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mwandishi mwenzangu tumepewa kazi ya kuandika mswada wa filamu unaotokana na mfululizo wa michezo minne ya video, ambao kwa masharti ya mkataba siwezi kuutaja. Kila mchezo huchukua saa 20 hivi kuumaliza, hadithi inaendelea kutoka mmoja hadi mwingine, na mhusika mkuu ni yule yule: askari mwanamke aliyeliasi jeshi lake. Kilele cha mchezo wa tatu kinamlazimu mchezaji kuchagua ni nani kati ya wenzake wawili ataachwa nyuma afe. Mtayarishaji anataka filamu moja ya saa mbili. Je, tufuate mchezo wa kwanza, tukusanye yaliyo bora katika yote minne, au tutunge hadithi mpya? Na huo uchaguzi wa mchezaji tuufanyeje? Mashabiki wameshaanza kutuonya.

JIBU: Marahaba, ndugu mwandishi. Kati ya njia tatu ulizozitaja, ile ya kukusanya yaliyo bora katika michezo yote minne ndiyo ambayo ningekushauri uiache mapema, na sababu zake nitazieleza kwa mifano. Hizo nyingine mbili zimewahi kufaulu na zimewahi kuanguka, kwa hiyo huwezi kuchagua kati yake kabla hujajua ni kitu gani hasa kinachowafanya watu waupende mfululizo huo. Wengi hujibu haraka kwamba ni hadithi yake. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza waandishi wa filamu.

Katika mchezo unaotegemea hadithi, kinachomgusa mtu si matukio peke yake, bali ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeyatenda. Chukua BioShock, mchezo wa mwaka 2007 uliotengenezwa chini ya uongozi wa Ken Levine. Jack, mhusika anayeongozwa na mchezaji, anaingia katika mji uliojengwa chini ya bahari, na sauti ya mtu asiyemwona inamwelekeza kwa redio aende wapi na afanye nini, huku maombi yake yakiambatana na maneno yale yale ya adabu. Baada ya saa nyingi inafichuka kwamba maneno hayo ni amri iliyopandikizwa akilini mwa Jack, na kwamba yale aliyodhani ameyaamua mwenyewe aliamuliwa na wengine. Pigo hilo humfikia mchezaji moja kwa moja, kwa sababu naye alikuwa akitii bila kuuliza, akidhani anacheza tu. Sasa upeleke ufichuzi huo katika ukumbi wa sinema. Mtazamaji hakufungua mlango wowote, hakumuua mtu, hakutii amri ya yeyote. Anachopata ni habari za Jack, habari za kushtua pengine, lakini za mtu mwingine. Filamu ya BioShock ambayo Gore Verbinski alikuwa aiongoze ilikwama kwa sababu ya gharama na mabishano kuhusu umri wa watazamaji wanaoruhusiwa, si kwa sababu hii ninayoieleza. Hata hivyo naamini kwamba hata fedha zingepatikana, tatizo hilo lingekuwa bado linawangoja.

Linganisha na The Last of Us. Katika mchezo wa mwaka 2013, Joel anamvusha Marekani msichana aitwaye Ellie, ambaye mwili wake unahimili ugonjwa uliouangamiza ulimwengu. Wanapofika mwisho wa safari, Joel anagundua kwamba madaktari hawawezi kutafuta dawa bila kumuua Ellie. Anaingia katika chumba cha upasuaji, na daktari anasimama mbele yake na kisu cha upasuaji mkononi. Hapo mchezo hauendelei mpaka mchezaji mwenyewe amshambulie daktari huyo. Unaweza kusimama pale dakika tano ukitafuta njia nyingine. Njia nyingine haipo. Waandishi wa tamthilia ya mwaka 2023, Craig Mazin pamoja na Neil Druckmann aliyeuandika mchezo wenyewe, walijua kwamba hawana kitufe cha kumpa mtazamaji. Basi waligeuza upande. Milio ya risasi imefifishwa chini ya muziki wa majonzi, na Joel anapita katika hospitali ile kama mtu ambaye hata ukimwita hasikii. Mchezaji alitoka pale akijiuliza, “Nimefanya nini?” Mtazamaji anatoka akijiuliza, “Huyu niliyempenda kwa vipindi vyote hivi amefanya nini?” Swali limebadilika, lakini uchungu haukupungua, na kwa maoni yangu huo ndio mfano bora tulio nao wa kazi uliyopewa.

Kwa hiyo kabla hamjaandika chochote, chezeni tena michezo yote minne, kila mmoja wenu peke yake, na kila mmoja aandike kwa sentensi moja kile ambacho mchezaji hukifanya tena na tena katika kila mchezo. Sitaki muhtasari wa matukio. Huo mtaupata popote. Nataka kitendo: anajificha, anaokoa, anadanganya, anaacha. Nahisi, kwa jinsi ulivyokieleza kilele cha mchezo wa tatu, kwamba mtakuta mfululizo wenu unahusu kuacha watu nyuma, na kwamba askari huyo ameanza kuacha watu tangu siku alipoliacha jeshi. Ikiwa ndivyo, mmepata filamu yenu. Kitendo ambacho mchezaji alikigawanya katika saa 80 kitabebwa na mwanamke mmoja kwa saa mbili, na lazima awepo mtu wa kukilipia mbele ya macho yetu.

Sasa turudi kwenye njia ya kukusanya. Mwaka 2021 ilitoka Resident Evil: Welcome to Raccoon City, filamu iliyotengenezwa kwa nia njema kabisa ya kuwaridhisha wachezaji waliolalamika kwamba filamu za awali ziliwatupa. Mwongozaji Johannes Roberts alichukua mchezo wa kwanza, ambao kiini chake ni jumba moja la kutisha, na wa pili, ambao kiini chake ni kituo cha polisi, akavisokota vyote katika usiku mmoja wa mwaka 1998. Nguo ni zenyewe, majina ni yenyewe, hata kona za kuta zinafanana na zile wachezaji walizozizoea. Lakini hofu ya jumba lile ilitokana na kupotea ndani yake, kurudi mlango ule ule mara kumi, kuhesabu risasi zilizobaki. Filamu inayokimbizana kati ya majengo mawili haina muda wa kumpoteza mtu. Mapato yake yaliishia takriban dola milioni 42 duniani kote, kiasi kidogo sana kwa jina kubwa kama hilo.

Uncharted ya mwaka 2022 ilifanya hivyo hivyo kwa namna ya kifahari zaidi: ilichota vipande kutoka michezo kadhaa, ikiwemo ile taswira maarufu ya shujaa akining'inia kwenye mizigo inayomwagika kutoka ndege iliyo angani, iliyotoka katika mchezo wa tatu wa mwaka 2011. Katika mchezo, tukio hilo linakuja baada ya saa nyingi za kuhangaika na mtu huyo. Katika filamu linafungua onyesho la kwanza, kabla hatujajua hata jina lake. Sitaki kukudanganya: filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 400, na mtayarishaji wako huenda akakutajia kiasi hicho. Mwambie kwamba walikuwa na mwigizaji nyota, Tom Holland. Kisha mwulize ni nani anayelikumbuka onyesho lolote la filamu ile ambalo hakuwa amelicheza tayari.

Njia ya kutunga hadithi mpya ina heshima yake. Filamu sita za Resident Evil zilizoanza mwaka 2002 zilimjenga Alice, mhusika ambaye hayumo katika mchezo wowote uliotangulia, na kwa pamoja ziliingiza zaidi ya dola bilioni moja. Tamthilia ya katuni Cyberpunk: Edgerunners ya mwaka 2022 na tamthilia ya Fallout ya mwaka 2024 zote zilileta watu wapya katika ulimwengu wa zamani, nazo zilipokewa vizuri hata na wachezaji wagumu. Lakini angalia jambo moja. Katika Fallout, kila mchezo mkuu una mhusika wake mpya. Mchezaji amezoea kwamba ulimwengu ndio unaoendelea na watu ndio wanaobadilika. Mfululizo wenu una mwanamke mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkitunga hadithi isiyomhusu, mtaulizwa yuko wapi, na kila dakika ya filamu itakuwa inajibu swali hilo.

Inabaki njia ya kufuata mchezo mmoja. Hapa watu karibu wote hudhani kwamba lazima uwe wa kwanza, na mimi sioni sababu. Mchezo wa kwanza wa mfululizo wowote hufanya kazi nyingi ambazo filamu haizihitaji: kumfundisha mchezaji kutembea, kupiga shabaha, kusoma ramani, na kumweleza historia ya vita ambavyo vitapata maana miaka sita baadaye. Ningewashauri mchukue mchezo wa tatu. Ndio wenye uamuzi mgumu kuliko yote, na filamu hupenda mtu aliye karibu na kuvunjika kuliko mtu anayejifunza kazi. Anzeni filamu wakati askari na wenzake wawili wanaishi pamoja tayari, wana mzaha wao, wana ugomvi wao wa zamani, wana mgawanyo wao wa zamu za usiku. Yaliyotokea katika michezo miwili ya kwanza yavuje kidogo kidogo: kovu ambalo hakuna anayelizungumzia, jina ambalo mmoja wao akilitaja wengine hunyamaza. Mchezo wa nne uacheni kabisa. Najua mtataka kuchomeka dokezo lake mwishoni ili kuwaandaa watu kwa filamu ya pili. Mtayarishaji alikuomba filamu moja, basi iwe moja.

Utaniuliza: je, mtazamaji atawapenda watu hao wawili kwa saa moja kama mchezaji alivyowapenda kwa saa 50? Hatawapenda vile vile. Lakini filamu ina silaha ambayo mchezo hauna, nayo ni uso. Mchezaji hukaa nyuma ya bega la mhusika wake muda mrefu, akiutazama mgongo. Wahusika wengi wa michezo wameachwa na nafasi tupu makusudi ili mchezaji ajijaze mwenyewe. Ndiyo maana tamthilia ya Halo ilipomvua shujaa wake kofia, ile inayouficha uso wake katika michezo, katika kipindi cha kwanza kabisa, mwaka 2022, wachezaji wengi waliona kama wamenyang'anywa kitu chao. Hilo halikuhusu sura ya mwigizaji. Mwanamke wenu, kwa bahati nzuri, ana sura na jina tangu mwanzo, kwa hiyo mnaweza kumkaribia bila kumwibia mtu.

Nitakuonyesha kwa chumba kimoja. Tuseme katika mchezo wenu askari anaingia katika nyumba iliyohamwa. Mchezaji anazunguka humo dakika nane, anafungua droo moja baada ya nyingine, anapata risasi tatu, bandeji na chupa tupu, na katika droo ya mwisho anakuta barua ambayo mtoto alimwandikia baba yake. Zile droo tupu ndizo zinazoipa barua uzito. Mwandishi aliyechoka ataandika hivi: askari anaingia, anafungua droo, anatoa barua, tunasikia sauti ya mtoto ikiisoma. Uzito wote umepotea. Mpe barua hiyo mtu mwingine. Askari anatafuta bandeji kwa pupa kwa sababu mwenzake anavuja damu sakafuni. Huyo aliyelala ndiye aliyeiona barua chini ya kabati, akaivuta, na sasa anaisoma kimoyomoyo. Askari anamwambia aitupe, inalowa damu. Yeye anaikunja na kuitia mfukoni. Hatusomi hata neno moja. Baadaye, askari anapomwacha mwenzake huyo nyuma, barua iko mkononi mwa askari mwenyewe, na hakuna anayelazimika kueleza imefikaje pale. Kuna mchezaji atakayelalamika kwamba katika mchezo barua ilisomwa yote. Mvumilieni.

Mabadiliko makubwa kuliko hayo pia yanakubalika, mradi yanatumikia jambo lile lile. Katika mchezo wa The Last of Us, Frank anakutwa amekwisha kujinyonga, naye ameacha ujumbe wa maneno machungu kwa Bill, mtu aliyeishi naye. Mchezaji anausoma na kuendelea na safari. Kipindi cha tatu cha tamthilia kiliugeuza msiba huo kuwa maisha kamili ya watu wawili waliozeeka pamoja, huku Joel na Ellie wakionekana kwa muda mfupi tu. Baadhi ya mashabiki walikasirika kwamba hadithi imesimama. Haikusimama: Bill anamwachia Joel barua inayomwambia kwamba watu wa aina yao wapo ili kumlinda mtu mmoja, na barua hiyo ndiyo inayomsukuma Joel kuelekea chumba kile cha upasuaji. Waandishi walibadilisha karibu kila tukio la sehemu ile, na bado walibaki ndani ya mchezo kuliko wale waliohesabu kona za kuta.

Kuhusu uchaguzi wenyewe nitakuwa mfupi, kwa kuwa jibu lake ni jepesi kulitamka ingawa ni gumu kulikubali: amueni ninyi ni nani anaachwa, na msiombe radhi. Katika Mass Effect ya mwaka 2007, mchezaji anafika kwenye sayari ya Virmire na kulazimika kumwokoa Ashley au Kaidan, si wote wawili, na kila mchezaji ana kifo chake anachokiona ndicho cha kweli. Haki za kutengeneza filamu ya mchezo huo zilichukuliwa na kampuni ya Legendary mwaka 2010, na filamu hiyo ya waigizaji halisi haikutengenezwa. Zipo sababu nyingi za mradi kukwama, lakini mwandishi yeyote angetoka jasho mbele ya mhusika mkuu ambaye kwa baadhi ya wachezaji ni mwanamume na kwa wengine ni mwanamke, kwa wengine ni mpole na kwa wengine katili. Ninyi hamna mzigo huo. Msifanye ujanja wa kuonyesha miisho miwili, wala kumfanya askari aote kwamba alichagua vingine.

Ujanja wa aina hiyo ulijaribiwa kwa ustadi katika filamu ya Until Dawn ya mwaka 2025. Mchezo wa mwaka 2015 uliwapa wachezaji vijana wanane ambao yeyote kati yao angeweza kufa au kupona kufuatana na maamuzi ya mchezaji. Filamu ilileta vijana wapya, na kila wanapokufa usiku unaanza upya. Wazo hilo linafanana na kucheza tena na tena, na mtu anaweza kulisifu kwa hilo. Hata hivyo kilichoutisha mchezo ule ni kwamba ulijihifadhi wenyewe, hukuweza kurudi nyuma. Aliyekufa amekufa mpaka mwisho. Waliuchukua mfano wa kucheza wakaiacha hofu ya mchezo wenyewe. Kifo katika filamu yenu kitokee mara moja, na sababu ya askari kumchagua huyu badala ya yule tuifahamu sisi kabla yeye mwenyewe hajakiri.

Mashabiki wasikilizeni kwa kipimo. Wanapozungumzia sura ya kitu, mara nyingi wako sahihi: mwaka 2019 umbo la Sonic, mhusika wa michezo ya video, lilipokataliwa baada ya kionjo cha kwanza kutolewa, studio ililichora upya na kuiahirisha filamu hadi mwaka 2020, na hakuna aliyejutia. Wanapozungumzia muundo wa hadithi, hutaka kila kitu, nanyi mmepewa kurasa kama 120. Na msidhani kwamba kuwa na mtunzi wa mchezo upande wenu kunatosha. Hironobu Sakaguchi, aliyeanzisha mfululizo wa michezo ya Final Fantasy, aliiongoza mwenyewe filamu yake ya mwaka 2001. Iligharimu takriban dola milioni 137, ikaingiza dola milioni 85 hivi, na kitengo cha filamu kilichoitengeneza kikafungwa. Mtunzi mkaribisheni mapema, mwulizeni ni nini alichokiondoa katika mchezo wa tatu kwa kukosa muda au fedha, na humo mnaweza kupata onyesho zuri kuliko yote mliyoyapanga.

Jambo la mwisho ni la mkataba, na lifanyeni kabla ya ukurasa wa kwanza. Mwombeni mtayarishaji awaonyeshe kwa maandishi haki alizo nazo zinahusu michezo ipi, kwa sababu haki za mchezo wa kwanza si lazima ziwe na wa tatu ndani yake. Angalieni pia kama muziki umejumuishwa, kama sura ya mwigizaji aliyetumiwa kumchora askari inaweza kutumika au la, na haki hizo zinakwisha tarehe gani iwapo upigaji picha haujaanza. Mkikuta kwamba mchezo wa tatu haumo, msianze kuandika kwa matumaini. Rudini kwake, mwelezeni kwa nini mnauhitaji huo na si mwingine, na mpeni kurasa mbili tu: ile ya chumba chenye barua, na ile ya kuachwa.